Wazazi Wanapotuzuru

Ndugu msomaji, wazazi wako wamefika Kilosa kukuzuru, nawe wawapeleka Mikumi, kwenye hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964, ili wawaone tembo na twiga katika uwanda wa Mkata. Ni jambo jema. Lakini jiulize: je, safari hiyo ni kwa furaha yao, au ni kwa kuonyesha uwezo wako? Mama akichoka na kuomba mrudi kabla simba hajaonekana, utakunja uso? Kumbuka kwamba ulipokuwa mtoto, wao walifuata mwendo wa miguu yako midogo. Basi leo fuata mwendo wao. Simba utamwona siku nyingine. Wazazi hukuahidiwa kuwa nao daima. Anayewaonyesha wanyama wote huku akiwavunja moyo, hajawatendea wema.