Pasha Mwili Kabla ya Karai

Wachezaji wa Simba na Yanga hawashuki kwenye basi wakaanza mechi. Wanatangulia kupasha misuli mpaka jasho linawatoka, refa bado hajapuliza filimbi, na kazi inayowangoja ni ya dakika 90 tu. Wewe saidia fundi, siku ya zege unapiga kazi kutwa. Unafika saiti, unavua shati la nyumbani, unavaa kandambili, unatwishwa mfuko wa saruji wa kilo 50. Hapo nani mwenye haja zaidi ya kupasha?

Jibu lako nalijua: "Mazoezi ya nini tena? Kazi yenyewe si mazoezi?" Hapana, ndugu yangu, na kwa hili sikubembelezi. Zoezi unalichagua, unalipima, unaliacha mwili ukichoka. Zege haliachwi njiani. Kila siku bega ni lile lile, kiuno kinapinda upande ule ule, mapumziko ni pale fomeni anapotaka. Watafiti wa Denmark, akiwamo Andreas Holtermann, wamelichunguza jambo hili kwa miaka: anayefanya mazoezi kwa hiari moyo wake unanufaika, lakini anayetumia nguvu kazini kutwa nzima hapati faida ile ile, kwa kuwa mwili wake haupati nafasi ya kutosha kujirudi. Kwa hiyo usijidanganye na kifua kipana na mikono iliyojaa misuli. Wapo wengi wenye vifua hivyo ambao hawawezi kuinama kufunga kamba za viatu.

Itazame ile saa ya kwanza ya asubuhi. Ukiwa umelala, visahani laini vilivyo kati ya pingili za uti wa mgongo hufyonza maji vikatuna. Ndiyo maana mtu akiamka huwa mrefu kidogo kuliko alivyolala, sentimita moja hivi. Kisahani kilichotuna hubanwa vibaya ukiinama. Basi ule mfuko wa kwanza, unaoubeba kwa mbwembwe kwa sababu nguvu bado unazo, ndio wa kuogopwa. Na wewe unayetoka kitandani ukainama kugusa vidole vya miguu, eti unanyoosha mgongo, acha. Hilo lisubiri jioni.

Asubuhi mwili unataka mwendo. Tembea haraka kuizunguka saiti. Zungusha mabega, mbele na nyuma. Chuchumaa, inuka, chuchumaa tena, visigino vikiwa chini. Piga hatua ndefu mbele, goti la nyuma likaribie ardhi, badilisha mguu, mpaka nyonga ziachie. Dakika saba zinatosha. Japani wana mazoezi ya namna hii yaliyoanza kutangazwa redioni mwaka 1928, na mpaka leo wajenzi wa huko hujipanga saitini na helmeti zao, wakanyoosha mikono kwa pamoja, piano ikilia, kabla hawajagusa nondo. Na maghorofa yao tunayaona.

Kisha mfuko. Usiuinamie ukiwa mbali. Usogelee, tanua miguu, shuka kwa magoti, ukumbatie kifuani, kaza tumbo, ndipo uinuke kwa nguvu za mapaja. Ukitaka kugeuka, geuza miguu, kiuno kifuate. Kumwomba mwenzako akutwike si unyonge. Safari hii bega la kulia, safari ijayo la kushoto. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Saruji inakikaribia kikomo hicho, lumbesa ilishakiruka zamani. Anayekushangilia ukiibeba lumbesa peke yako hatakuwepo siku mgongo ukigoma.

Jioni, mwili ukiwa bado wa moto, ndipo unyooshe taratibu. Egemea ukuta, mguu mmoja nyuma, kisigino chini, ukisikie kigimbi kikivutika. Weka mguu juu ya tofali, nyoosha goti, sogeza kifua mbele. Sekunde 30 kila upande, bila kurukaruka, ukipumua. Kunywa maji, kula ushibe, lala. Vile vidonge vya diklofenaki mnavyogawana kila jioni vinazima kelele tu, na vikizoeleka vinaumiza tumbo na figo. Maumivu yakishuka mguuni, au mguu ukafa ganzi, hapo usinyooshe kitu, nenda hospitali.

Kesho zege linaanza saa moja. Fika mapema, simama pale kwenye kifusi cha mchanga, anza peke yako. Watacheka. Wahesabie kwa sauti: moja, mbili, tatu, chini! Keshokutwa mwite yule kijana mgeni asimame kando yako, maana mgongo wake bado mzima, kisha mwite mzee anayepanda ngazi ameshika kiuno. Fomeni akiuliza mnacheza nini, mwambie aingie kwenye mstari.