Nakshi Humtazama Nani?

Liko swali ambalo sisi watunzi wa pwani tumezoea kulikwepa, kwa kuwa linatuharibia sifa tulizokwisha kuzitunga: je, yafaa kukisifu chombo kwa uzuri wake pasi na kuuliza kilichukua nini, na waliochukuliwa walikaa vipi ndani yake? Jahazi tumelitungia beti zisizo idadi. Tumelisifu tanga lililojaa upepo, tumeisifu foromali, tumelisifu omo linalopasua maji. Lakini majahazi ndiyo yaliyowavusha watu waliofungwa kutoka mrima kwenda Unguja, hadi soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873, na hata baada ya hapo kwa magendo. Tanga lilikuwa lile lile, na upepo uliolijaza haukuwa mwingine.

Jahazi limekwisha kuwa kitu kitukufu machoni petu, na kitukufu hakihojiwi kwa urahisi. Kwa hiyo naomba msomaji aniruhusu nilianze swali hili kwa chombo cha chini zaidi, ambacho hakuna aliyekitungia kasida: gari lililorembwa.

Huko California, nchini Marekani, mwaka 1964, mtu aitwaye Bruce Meyers alitengeneza gari dogo la kukimbilia mchangani. Ufundi wake ulikuwa wa mashua. Alizoea kuunda maungo ya mashua kwa faibaglasi ndani ya kalibu, naye akaunda bodi la gari kwa namna hiyo hiyo, kisha bodi hilo likaja kukalishwa juu ya chasisi ya Volkswagen iliyokatwa na kufupishwa. Halikuwa na milango wala paa. Madungu yake ya magurudumu yaliinuka na kushuka kama wimbi linalokaribia kuvunjika, na mtu akilitazama kwa ubavu hahitaji kuambiwa kwamba aliyelichora alikuwa mtu wa bahari. Mwaka 1967 yeye na mwenzake walilipitisha katika jangwa la rasi ya Baja, Meksiko, kutoka La Paz hadi Tijuana, kwa muda usiotimia saa 35. Baada ya hapo kila karakana ikataka kutengeneza la kwake. Meyers alikwenda mahakamani kuidai haki ya ubunifu wake, akashindwa. Ikawa kama kufungua zizi: wakatokea waliochanganya rangi na chembe za chuma ili bodi limetemete juani, waliochora ndimi za moto ubavuni, waliofunga mipira mipana kupita kiasi, waliozinyanyua ekzosi nyuma kama mazumari ya harusi. Miaka ile ya 1960 na 1970 magari hayo yalionekana upuuzi wa vijana. Leo yanakusanywa, yanasuguliwa, yanapigwa picha, na watu wazima huyazungumzia kwa sauti ya chini kama wanaomzungumzia marehemu. Meyers mwenyewe alifariki mwaka 2021, akiwa na miaka 94.

Mapenzi hayo hayana kasoro, wala sioni sababu ya kuyakejeli. Gari lile lilimchukua mwenyewe na rafiki zake. Aliyelipamba ndiye aliyelipanda. Halikuwa na abiria wa kulalamika wala mzigo wa kuuliziwa. Uzuri wake ulikuwa mchezo, na mchezo haumdai mtu kitu.

Sisi huku hatukuwa na magari ya mchezo, lakini tendo lenyewe, la kuchukua chasisi ya mgeni na kuijengea mwili wa kienyeji, tulilijua vizuri. Wasomaji wa Unguja hawahitaji kuelezwa gari la mbao ni nini. Lori la Kizungu huja na pua yake, injini yake na magurudumu yake. Nyuma ya hapo fundi seremala humjengea abiria nyumba. Nguzo za mbao, paa la mbao, mabenchi mawili marefu ya kutazamana, mlango kwa nyuma, ubavu wazi na turubai la kukunjwa linaloteremshwa mvua ikinyesha. Kazi ile ni ndugu wa kazi ya mashua. Anayejua kupandisha mataruma juu ya mkuku haoni ajabu kusimamisha nguzo juu ya chasisi. Tezo, randa na keekee ni zile zile. Meyers, fundi wa mashua aliyeunda gari, angalikaa na mafundi hao wakaelewana bila ya mkalimani.

Kisha ikaja rangi. Hakuna sheria iliyomwamrisha fundi kuzipaka nguzo kijani na nyekundu, kuchonga kingo za paa, kuandika jina juu ya kioo cha mbele. Mbao tupu ingalimfikisha abiria Makunduchi au Nungwi vile vile. Huku bara, katika njia ya Bagamoyo, kama kilomita 70 kutoka Dar es Salaam, mambo hayakuwa mbali na hayo. Naikumbuka barabara ile kabla ya lami, malori yakija na nazi, mkaa, maembe na watu kwa pamoja, na juu ya ubao wa nyuma limeandikwa neno la hekima ambalo aliyekuwa ndani hakuweza kulisoma. Dar es Salaam nayo, baada ya mabasi ya watu binafsi kuruhusiwa mwaka 1983 na jina la daladala kuenea, ilikuwa na zile pikapu zilizofungwa mabenchi na kuitwa chai maharage, jina ambalo wengi hulieleza kwa namna abiria walivyokaa wakitazamana kama walaji katika mgahawa. Goti kwa goti. Nani aliyezipanda asiikumbuke ile jasho ya jirani?

Hapa ndipo swali linapouma. Siku hizi nawaona vijana wenye kamera wakilitafuta gari la mbao kama wanavyotafuta mlango wa nakshi, na picha zake zimo katika kadi za watalii. Wanalipenda kwa dhati. Lakini mwanamke aliyekaa ndani yake saa mbili na mtoto mgonjwa mapajani, vumbi likiingia ubavuni, hakulipenda. Alilipanda kwa kuwa hapakuwa na jingine. Je, sisi tunaolisifu leo, tunasifu nini hasa? Tukisifu taabu yake kwa kuwa imepakwa rangi nzuri, tumekuwa wageni katika nchi yetu.

Wapo waliochukua njia ya pili, ya kuyafuta yote. Nchini Kenya, kanuni za matatu zilizotekelezwa kuanzia mwezi Februari 2004, ambazo wananchi waliziita kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, John Michuki, zilileta mikanda ya viti na vidhibiti mwendo, zikapunguza idadi ya abiria, na papo hapo zikataka michoro ifutwe na gari lipigwe mstari wa manjano. Sina neno juu ya mikanda. Watu walikuwa wakifa barabarani, na serikali inayotazama tu watu wakifa haina kazi. Lakini mchoro uliua nani? Lililoua ni mwendo, ni ujazo wa kupita kiasi, ni breki mbovu. Kweli ni kwamba majivuno yaliyomfanya kijana achore ubavuni ndiyo hayo hayo, mara nyingine, yaliyomkanyagisha mafuta; hilo silikatai. Hata hivyo, kuna tofauti kati ya kumzuia mtu asikuue na kumzuia asikupendezee, na mstari ule wa manjano uliyatia yote mawili katika kapu moja. Michoro ilirudi Nairobi miaka iliyofuata, tena kwa makeke zaidi, nami sikushangaa.

Kwa hiyo kusifu kila kitu ni upofu, na kufuta kila kitu ni upofu wa aina nyingine. Nadhani liko swali dogo linaloweza kutuongoza katikati: nakshi humtazama nani?

Twende Bagamoyo, katika mtaa wa zamani ulio sambamba na bahari, tusimame mbele ya mlango mmojawapo uliobaki. Miimo yake imechongwa, kizingiti cha juu kimechongwa maua, na ukingoni unapita mnyororo wa mbao, pingili kwa pingili. Waongozaji wageni hupenda kusema kwamba mnyororo huo ni alama ya nyumba ya mfanyabiashara wa watumwa. Wengine husema ni kinga tu, ya kuuzuia uovu usiingie. Mimi sitaki kuamua ugomvi huo kwa macho tu. Lakini ingia ndani, ugeuke, uutazame mlango kutoka ukumbini. Huoni kitu. Ni mbao zilizonyooshwa, na komeo. Nakshi yote iko nje. Inamtazama mpita njia, jirani, mshindani, mgeni anayekuja na bidhaa; inamwambia kwamba humu mna mtu. Waliotumika nyuma ya mlango ule, na waliopitishwa wasijue waendako, hawakuambiwa neno na yale maua.

Silaumu kwa hilo mkono wa mchongaji, ambao pengine nao haukuwa huru. Nasema tu kwamba uzuri ule una upande, kama kitambaa. Anayeusifu mlango na asiseme kwamba nyuma yake ni mtupu amesifu nusu.

Sasa urudi katika gari la mbao, ufanye jaribio lile lile. Panda kwa nyuma, inama, kaa benchini. Rangi iko wapi? Iko mbele yako. Nguzo zilizopakwa ziko usawa wa macho ya aliyeketi, na mbao za chini ya paa, ambazo mtu wa barabarani hazioni, nazo zimepakwa. Yapo bila shaka mapambo ya nje, ya kuita wateja na kumshinda mwenzako wa njia ile. Biashara ni biashara. Lakini sehemu kubwa ya kazi ile ilifanywa kwa ajili ya mtu aliyelipa nauli ndogo na atakayeshuka na kisahani chake cha samaki. Fundi hakuweza kumpa mto wa kukalia. Hakuweza kuipunguza safari wala kulijaza shimo la barabara. Alichokuwa nacho ni rangi na mkono, akavitoa kwake. Hiyo ni adabu, naiita adabu kwa makusudi, kwa sababu ni namna ya kumwamkia mtu usiyemjua.

Wanaoyaogopa mapambo kwa hofu ya israfu wana hoja, nami naiheshimu. Pesa ya rangi ingaliweza kununua mpira wa akiba. Lakini israfu, kwa jinsi nilivyofundishwa na wazee, hupimwa kwa mtu aliyenyimwa. Tajiri aliyeuchonga mlango wake na ndani ya nyumba mkalia njaa alifuja hata kama mlango ni mzuri. Fundi aliyempaka abiria nguzo rangi hakumnyima chochote alichokuwa na uwezo nacho.

Ndiyo maana pia siwezi kuyaweka magari ya Meyers na magari yetu katika mizani moja, ingawa mikono iliyoyaunda ni ya ukoo mmoja. Yale hayana nyuma wala ndani; yako wazi pande zote, na furaha yake ni ya aliye ndani na aliye nje sawasawa. Uzuri usio na abiria ni mwepesi kusifiwa. Ya kwetu tunapaswa kuyapanda kwanza.

Katika ushairi nasi tulikuwa na ugomvi wa namna hii. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi, diwani isiyofuata vina na mizani, ilizuka hoja ndefu: je, kina ni mwili wa shairi au ni rangi ya nje? Mimi ni mtu wa vina na sina mpango wa kuhama. Lakini nimefasiri mashairi ya kutosha kujua kwamba viko vina vinavyomtazama mpita njia tu, vya kuonyesha kwamba humu mna mtu, na ukipita ndani ya ubeti hukuti hata benchi. Viko vingine vilivyowekwa ili msomaji, akichoka katikati ya utenzi mrefu, apate pa kushika.

Na jahazi? Ninalikubali kulijaribu nalo, ingawa najua nitawaudhi rafiki. Macho yaliyochorwa katika omo la mtepe na la majahazi ya kaskazini yalitazama mbele, kwenye maji. Yalikuwa ya chombo chenyewe, kimwone mwamba kabla ya nahodha. Shetri iliyochongwa ilimtazama anayeachwa nyuma. Katika ngama, chini, mlimokaa waliofungwa, hamkuwa na nakshi, na ushairi wetu haujashuka humo mara nyingi. Bado nitalisifu tanga. Ila nadhani kasida ya jahazi isiyo na ubeti mmoja wa ngama haijatimia, kwa kipimo kile kile tunachosema utenzi haujatimia ukikosa kaditama.

Milango mingi ya pwani imekwisha kung'olewa na kuuzwa. Mingine imo katika hoteli, imepachikwa ukutani kama picha, haifunguki, mgongo wake umefichwa na saruji. Lau ningekuwa na sauti katika makumbusho yoyote ya Bagamoyo au Unguja, ningeomba mlango mmoja usimamishwe katikati ya chumba, mtu aweze kuuzunguka. Na ukumbi wa pili pawekwe gari moja la mbao, lisizungushiwe kamba, ngazi yake ya nyuma iteremshwe, watu waruhusiwe kuingia na kukaa goti kwa goti kwa muda wanaoweza kuvumilia.