Kujitoa na Kutolewa

Wakurya wa Tarime na Serengeti wametoa askari tangu enzi ya mkoloni. Nao ndio niliowawaza niliposimama Kaboya, mkoani Kagera, penye makaburi zaidi ya 600 ya wanajeshi wetu waliokufa katika vita vya 1978-1979 dhidi ya Idi Amin.

Lugha yetu yapambanua kujitoa na kutolewa. Askari wa shaba asimamaye Dar es Salaam tangu 1927 ni ukumbusho wa wengi waliotolewa: walikufa katika ugomvi wa Waingereza na Wajerumani, na waliopona wakarudi kutawaliwa. Wa Kaboya walilinda ardhi yao. Lakini kilio cha mama wa Tarime ni kimoja katika vita vyote.

Basi mwenye haki ya kusema “nilijitoa” ni aliyekwenda. Sisi tuliobaki tuseme “tulimtoa”, kisha tujiulize: uhuru alioulipia twautumiaje?