Maadili na Mlango wa Shule

Tangu Rais John Pombe Magufuli afariki dunia tarehe 17 Machi 2021, watu hawajaacha kubishana juu yake. Wako wamwitao mtetezi wa wanyonge na mlinzi wa maadili. Wako wasiotaka hata kumsikia akitajwa. Sisi twapenda kusema juu ya jambo moja tu, kwa kuwa lahusu dhamiri yetu Wakristo.

Mwaka 2017, huko Chalinze, alitamka kwamba msichana apataye mimba hatarudi tena katika shule ya Serikali. Waumini wengi, na baadhi yetu mapadre, tulifurahi kumpata kiongozi asiyeona haya kutetea usafi wa vijana.

Nia hiyo hatuilaumu. Serikali yake iliyoondoa ada ya sekondari hadi kidato cha nne, tangu 2016, haikuwa adui wa watoto wa maskini. Tena sheria ya mwaka huo huo ilimwekea kifungo cha miaka 30 mwanamume ampaye mwanafunzi mimba. Lakini nia njema haihalalishi kila njia. Mwanamume aweza kukana, aweza kutoroka usiku; mimba haifichiki. Hivyo adhabu ilimwangukia aliye mdogo, ambaye mara nyingi alidanganywa au kulazimishwa. Mwenye fedha aliweza kumtafutia bintiye shule ya binafsi. Binti wa mkulima alibaki jikoni, mtoto mgongoni.

Je, fadhila yalindwa kwa kumtupa aliyeanguka? Dhambi ni dhambi, wala Kanisa halitabadili neno hilo. Lakini Kanisa lafundisha pia kwamba mwenye kutubu hafungiwi mlango. Tena twawaonya mabinti wasitoe mimba. Kinywa kionyacho hivyo chawezaje kushangilia kufukuzwa kwake yeye aliyekubali kuzaa?

Novemba 2021 Serikali iliwaruhusu wasichana hao kurudi shuleni. Wengine walinung'unika kwamba maadili yamekwisha. Sivyo. Kazi ya kulea maadili ni ya nyumba zetu, ya mafundisho ya dini na ya mfano wa wazee. Haikupasa kamwe kutwikwa lango la shule.

Marehemu twamwombea pumziko la milele, na hukumu yake twamwachia Mungu. Sisi tulio hai tuna la kujibu. Katika kigango chako, ndugu msomaji, yuko binti wa namna hiyo. Je, amerudi darasani? Na aingiapo darasani, nani ampakata mtoto wake?