Sumu Iliyomo Nyumbani Mwetu

Somo: Kumbukumbu la Torati 22:8



Katika Torati iko amri moja ndogo ambayo twaipita upesi tukiisoma, maana yaonekana kuwa habari ya mafundi wa nyumba tu. Mtu ajengaye nyumba mpya aagizwa kuizungushia dari yake ukingo, mtu asije akaanguka, na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Dari za Waisraeli zilikuwa bapa, nao walizoea kukaa huko juu jioni. Nyumba zetu si za namna hiyo. Zamani zilikuwa za msonge, na leo ni za mabati. Walakini tuangalie jambo hili: Mungu hakungoja mtu aanguke, ndipo aulize ni nani aliyemsukuma. Alimwagiza mwenye nyumba ajenge ukingo kwanza.

Sisi twafanya kinyume. Mtoto akizidiwa ghafula, akatokwa na povu kinywani, swali la kwanza uani ni hili: Nani amempa? Ndipo majina ya majirani yaanza kunong'onwa. Haya twayajua, kwa kuwa yalitupata sisi wenyewe.

Miaka kadhaa imepita tangu mtoto wetu wa pili, mwenye umri wa miaka miwili, alipokutwa jikoni akikohoa na kukosa pumzi. Asubuhi ile mama jirani alikuwa amepita, akamwachia ndizi mbivu. Jamaa waliokusanyika walikwisha kumtaja mama yule kabla hatujamwinua mtoto, nasi, twakiri kwa haya, hatukuwakemea. Tukamnywesha maziwa, tukamtia kidole kooni ili atapike, kama wazee walivyotufundisha. Tulipomwinamia tukasikia harufu ya mafuta ya taa. Chupa ya soda ilikuwa chini ya meza, nasi ndio tuliotia mafuta humo tuliporudi dukani.

Alilala hospitalini siku nyingi, kisha akapona, Mungu ashukuriwe. Daktari alitueleza ya kwamba mafuta ya taa ni mepesi mno, na hatari yake kubwa haiko tumboni, bali mapafuni. Mtoto akitapika, mafuta hupanda tena kooni, yakapenya njia ya pumzi, na kuyadhuru mapafu hata akashindwa kupumua. Basi yale tuliyoyafanya kwa upendo ndiyo yaliyomzidishia hatari. Tulimwendea mama yule kumwomba radhi. Alitupa buni za kutafuna, akasema alikwisha kusikia yote yaliyonenwa.

Katekisimu yetu yatufundisha katika amri ya tano kwamba haitoshi kutomdhuru jirani. Imetupasa kumsaidia katika haja zote za mwili wake. Na jirani aliye karibu kuliko wote ni mtoto atambaaye sakafuni mwetu. Hajui kusoma, tena hupeleka kila kitu kinywani. Chupa ya soda kwake ni soda.

Msidhani ni habari ya nyumba moja. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2008 kwamba katika mwaka 2004 pekee sumu iliua watoto na vijana zaidi ya 45,000 wasiotimiza miaka 20. Na ukingo hufaa kweli: huko Afrika Kusini watu waligawiwa vyombo vya mafuta ya taa ambavyo mtoto hawezi kuvifungua, na uchunguzi uliotolewa mwaka 1994 ulionyesha kwamba ajali za watoto kunywa mafuta hayo zilipungua karibu nusu.

Kwetu mafuta ya taa yamepungua tangu taa za jua zilipoingia vijijini, lakini sumu nyingine zimeongezeka. Iko dawa ya wadudu wa kahawa na maharage, ambayo dukani hupimwa kidogo kidogo katika chupa za maji. Iko dawa ya kupe wa ng'ombe na dawa ya panya. Ziko mbegu zilizopakwa dawa ya rangi, zikaachwa katika ungo. Viko na vidonge vya kuongeza damu wapewavyo mama wajawazito, mara nyingi vyekundu na laini kama pipi. Mtoto mdogo akivila vingi aweza kufa. Vitu hivi vyote vikae juu, ndani ya sanduku lenye kufuli, katika chombo chake cha asili; wala chupa ya kinywaji isitiwe kitu kingine kamwe.

Mtoto akiisha kunywa, msimtapishe, wala msimpe maziwa wala mafuta ya kula. Kama dawa imemwagika mwilini, mvueni nguo, mkamwoshe kwa maji mengi na sabuni. Mtoto aliyepatwa na dawa ya wadudu aweza kutokwa na mate na jasho jingi, na mboni za macho zikawa ndogo sana. Huyo asicheleweshwe hata kidogo. Mpelekeni upesi Nyakahanga, au kituo cha afya kilicho karibu, na ile chupa mwende nayo, hata ikiwa tupu, ili daktari ajue ni sumu gani anayopigana nayo.