Harufu ya Kaburi la Lazaro

Somo: Yohana 11:33–44



Tusomapo habari ya kufufuliwa kwa Lazaro huwa twaukimbilia mwisho, pale maiti atokapo kaburini, tukayapita upesi maneno ya Martha. Naye alisema jambo ambalo mwanamke yeyote aliyewahi kuuguza angelisema: jiwe lisiondolewe, maana siku nne zimepita na ndugu yake ananuka. Yohana hakuona haya kuliandika. Mwokozi wetu alisimama mbele ya harufu. Kabla ya hapo alikuwa amelia machozi, na mara mbili twaambiwa kwamba aliugua moyoni. Wenye kujua Kiyunani wasema kuwa neno lililotumika hapo si la huzuni tu. Lina ghadhabu ndani yake, na Wayunani walilitumia hata kwa farasi anayepuliza pua kwa hasira. Alikasirikia nini, wafafanuzi hawakubaliani mpaka leo. Lakini alikasirika, akalia, wala hakuondoka.

Nimelichagua somo hili kwa ajili ya wale vijana na akina mama wa mtaa wetu waliofundishwa huduma ya kwanza na Msalaba Mwekundu, ambao huitwa usiku na mchana mtu anapoungua, anapoanguka, au anapokutwa hajiwezi. Hawalipwi kitu. Wana machela, bendeji na glavu zinazokwisha kabla ya mwezi kwisha. Wawili kati yao wameacha kazi hiyo tangu Kwaresima, na nje ya kanisa nimesikia watu wakisema kwamba vijana wa siku hizi ni laini. Hilo ndilo lililonishikisha kalamu.

Yafaa kwanza tuelewe wanakutana na nini. Msiba mkubwa huwa na wenyewe. Zaidi ya watu 80 walipokufa katika maporomoko ya tope ya Mlima Hanang, tarehe 3 Desemba 2023, nchi nzima ililia pamoja na watu wa Katesh. Wajitolea waliochimbua tope walifanya kazi bega kwa bega na askari na wanavijiji, na jioni walikuwapo wa kulia pamoja nao. Tena tope halina mtu wa kulaumiwa mlangoni.

Chumba cha nyuma ni jambo jingine. Sitaitaja nyumba, na ninayoyaeleza yametoka katika nyumba zaidi ya moja. Mlango unafunguliwa, mzee amelala juu ya godoro lililooza kwa mkojo. Mgongo una vidonda vya kulala, vingine vimefika mfupani, na nzi wamekwisha taga humo, mabuu yanatembea. Sahani ya ugali wa juzi imewekwa pale ambapo mkono wake haufiki. Na nyumba ile ina watu. Sebuleni redio inaimba.

Kijana yule anamfunga mzee vidonda, anambeba, anamfikisha kituo cha afya, anarudi kwao. Chakula hakipiti, maana harufu imebaki puani hata baada ya kuoga mara mbili. Usiku anauona ule uso. Kesho yake anamfokea mama yake bila sababu. Mwingine hugeuza yote kuwa mzaha, akachekesha wenzake, nasi tukamwona hana utu, kumbe anautua mzigo kwa njia aionayo.

Na chini ya hayo yote ipo aibu. Mmoja wao aliniuliza kama ni dhambi kutapika nje ya nyumba ya mgonjwa. Alidhani Mkristo wa kweli angesikia upendo, naye alisikia kinyaa. Nilimjibu, na sasa nawajibu wote: si dhambi hata kidogo. Kinyaa ni mlinzi ambaye Mungu ameuwekea mwili ili tusile kilichooza wala tusikishike. Hakitii amri ya moyo mwema. Yule kijana alisukutua kinywa, akarudi ndani, akashika upande wake wa machela. Upendo aliokuwa akiutafuta kifuani mwake ulikuwa mikononi.

Hasira ni ngumu zaidi, kwa sababu mara nyingi ina haki. Hata hivyo nawasihi wajitolea wetu wasiwe mahakimu pale mlangoni, maana kwa mtu anayeingia mara moja, uchovu na ukatili hufanana. Wauguzi hufundisha kwamba mgonjwa asiyejiweza ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku. Ni nani aliye na jembe la alfajiri na watoto wanne awezaye kufanya hivyo peke yake, kwa mtu aliyemzidi uzito? Mkamwana huyo alianza vizuri mwaka wa kwanza. Lakini iko pia nyumba ambamo mzee amenyimwa chakula makusudi ili afe upesi, na huko huruma ya kunyamaza si huruma. Afisa ustawi wa jamii na polisi waambiwe.

Basi hasira hiyo iende wapi? Henri Dunant, mfanyabiashara wa Uswisi, alifika Castiglione mwezi wa Juni 1859, baada ya vita vya Solferino, akakuta majeruhi kwa maelfu wamelazwa makanisani na njiani, na waganga wa jeshi hawatoshi. Alihudumu pamoja na wanawake wa mji ule. Hakuyasahau, mwaka 1862 akatoa kitabu juu ya aliyoyaona, na mwaka 1863 ikaundwa huko Geneva halmashauri iliyozaa Msalaba Mwekundu. Vijana wetu ni wajukuu wa uchungu wa mtu mmoja aliyekataa kuzoea.

Nasi tusijitoe. Nyumba hizo haziko porini; tunazipita tukija Ibada. Lazaro yule mwingine, wa Luka 16, alilala mlangoni pa mtu, si mbali. Kijana akituona Jumapili na nguo zetu safi, huku anajua kilichomo katika chumba cha nyuma, sishangai akikosa hamu ya kuimba nasi. Kaburini Bwana aliwaambia waliosimama pale waondoe jiwe, na Lazaro alipotoka, ni wao tena walioambiwa wamfungue sanda. Aliye na uwezo wa kumwita maiti hakushindwa kusukuma jiwe. Alitaka mikono yao nayo iguse harufu ile.

Juu ya kuwatunza wajitolea wenyewe nina neno moja. Zamani ilidhaniwa kwamba ni vema kuwakusanya mara tu baada ya tukio na kumtaka kila mmoja aeleze yote. Uchunguzi umeonyesha kwamba kumlazimisha mtu kusema namna hiyo hakumsaidii, na wengine huwadhuru. Mwongozo uliotolewa mwaka 2011 na Shirika la Afya Duniani pamoja na wenzake waonya vivyo hivyo: mtu asibanwe aseme. Tungalisoma vizuri 1 Wafalme 19 tungalilijua hilo mapema. Eliya alipoomba afe, malaika hakumhoji. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akampa tena. Swali la Mungu lilimngoja Horebu, baada ya siku arobaini za mwendo.

Kwa hiyo, akina mama, kijana akirudi, wekeni maji ya moto na uji. Msimwulize ni nyumba ya nani. Swali hilo ni umbeya hata likivaa sauti ya huruma, naye ana wajibu wa kuficha siri za mgonjwa. Akitaka kusema, aseme yaliyompata yeye, nanyi msikilize mpaka mwisho. Usingizi ukimkimbia kwa majuma, au akianza pombe, aende hospitali bila aibu. Sala na daktari hawagombani. Wale wawili walioacha wapelekewe chai, wasipelekewe maneno.

Katibu wa Umoja wa Mama ana daftari la nyumba zenye wagonjwa wa kitandani. Nyumba hizo hazitasomwa kanisani. Zinatakiwa zamu za asubuhi na jioni za kugeuza wagonjwa na kufua, watu wawili wawili, pamoja na sabuni, mashuka makuukuu na glavu. Atakaa mezani karibu na mlango wa kusini kila Jumapili baada ya Ibada ya pili.