Nyama tunauliza, sufuria hatuulizi

Mwezi uliopita nilinunua sokoni sufuria ya kusubu kwa bei nafuu. Nilipomuuliza muuzaji imeyeyushwa kutokana na nini, alicheka: "Mzee, unapika wali au unapika sufuria?" Nami nikacheka, nikalipa. Njiani jibu lile likanikera.

Waislamu tunajua kuwa Mtume (S.A.W.) alikataza kula na kunywa katika vyombo vya dhahabu na fedha. Vilivyobaki, asili yake ni halali. Lakini je, kila kilicho halali kwa asili kinafaa? Qur'an imetuamuru tule kilicho halali na kizuri, mambo mawili kwa pamoja. Nyama tunauliza nani kachinja. Sufuria hatuulizi, ilhali vyuma chakavu vikichanganywa ovyo, madini ya risasi huweza kuingia humo, na vyakula vyenye uchachu kama ukwaju, ndimu na nyanya huyatoa kwa urahisi zaidi. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, wala hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama.

Wapo watakaosema: maskini apikie nini? Ni hoja nzito. Simlaumu mnunuzi, wala sitaki fundi akose riziki. Lakini kuuza usichokijua, kisha ukamcheka anayeuliza, si uaminifu. Fundi achague vyuma vyake, nasi mchuzi wa ukwaju tuurudishe kwenye chungu cha udongo kisichopakwa rangi.

Sufuria yangu sasa naiwekea mkaa. Inshaallah nitarudi kwa yule kijana tuzungumze, kwani nami nilinyamaza nikalipa.

Wallahu a'alam.